Sauti ya Mzee Chilumba kwenye Kanda

Siku redio kaseti ilipoingia nyumbani kwetu naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyoolewa. Siku ya ndoa nilifunikwa kanga usoni, sikuona mengi. Ile ya redio niliona kila kitu.

Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, hapa hapa kijijini, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Newala mjini. Darasa la saba nilishamaliza, nikawa naishi na mama, tunalima mihogo na kuokota korosho. Kaka yangu Hamisi alikuwa Dar es Salaam, mbeba mizigo bandarini, na misimu mitatu ilikuwa imepita bila kumwona. Basi mwalimu mmoja wa shule yetu, mtu wa Mwanza, akarudi kutoka likizo na boksi begani. "Mama Hamisi, mzigo wako huu, umetoka kwa mwanao." Tukafungua. Ndani mlikuwa na redio nyeusi yenye mpini, na kanda moja iliyofungwa kwa karatasi ya daftari. Karatasi imeandikwa: "Fatu, tumbukiza kanda hii, bonyeza kitufe cha mwisho, halafu mwite mama."

Nikatumbukiza, nikabonyeza. Kukasikika mkwaruzo, halafu mtu akakohoa, halafu sauti ya kaka yangu ikatoka pale pale uani: "Shikamoo, mama." Kisha ikanyamaza.

Mama akainuka mkekani kama aliyechomwa na mwiba. "Marahaba, mwanangu! Marahaba! Hujambo?"

Na redio ikajibu: "Mimi sijambo, mama. Kazi tu."

Weee! Majirani waliokuwa wamekuja kuchungulia walipiga vigelegele mpaka kuku wakaruka uzio. Hamisi alikuwa ameacha nafasi, mwanangu. Alikaa chumbani kwake huko Dar, akakisia mama ataitikia kwa muda gani, akamwachia muda huo. Mama hakutaka kabisa kuelewa kwamba mtoto hamsikii. Aliiuliza redio, "Unakula vizuri lakini?" Redio ikaendelea na habari za meli. Mama akatugeukia, akasema, "Huyu ana haraka, mwacheni amalize."

Nyinyi mmezaliwa mkaikuta simu, hamwezi kujua furaha ile. Kabla ya hapo mtu wako akiondoka Newala, sauti yake iliondoka naye. Ukitaka habari zake unangoja barua, na barua anakusomea mtu mwingine kwa sauti ya mtu mwingine. Sasa sauti yenyewe imeingia kwenye kasha! Siku ile ile tulianza kujirekodi. Nilipojisikia mara ya kwanza nilikataa. Nikasema, "Huyu siyo mimi, mimi sisemi kwa pua." Mama akaniambia, "Ndiyo wewe, sisi tunakusikia hivyo hivyo kila siku." Miaka kumi na tisa nilikuwa nimejijua kwa ndani tu, na leo mashine inanionyesha ninavyosikika kwa wenzangu.

Ndani ya mwezi mmoja ua wetu ukageuka kama posta. Kila mwenye ndugu Dar alikuja kusema na redio. Na hawakuja hivi hivi. Walioga kwanza! Wanawake walivaa kanga mpya, wazee walivaa kanzu na kofia, wakakaa mbele ya kile kimashine wamenyoosha migongo kama wanapigwa picha. Njiani kwenda shamba ungekuta mtu anasema peke yake, anafanya mazoezi ya maneno atakayorekodi. Hata namna ya kufikiri ilibadilika. Watu walianza kupima: hili ni la kusema tu, hili ni la kuweka kwenye kanda.

Na mimi ndiye niliyejua vitufe. Hebu fikiria mwenyewe, binti mdogo, watu wazima wanakuja, "Fatu, tusaidie." Nilijua kuanika betri juani ili zipate nguvu tena. Nilijua kurudisha kanda nyuma kwa kalamu ili betri zisichoke. Kwa kujaribujaribu nikagundua na kile kitufe cha kusimamisha kidogo. Ukikibonyeza, kanda inasimama. Ukikiachia, inaendelea, na msikilizaji hatajua kwamba hapo palikuwa na kitu.

Kitufe hicho kilinilewesha. Mtu akikohoa, nasimamisha. Akitafuta neno, nasimamisha. Akilia, nasimamisha mpaka ajifute machozi. Nilijiambia natunza betri, na kweli nilitunza. Lakini usinione mwema sana, kwa sababu nafasi iliyobaki mwishoni mwa kanda nilikuwa naijaza muziki wa dansi kutoka redioni, Hamisi akimaliza anirudishie nisikilize mimi.

Mpaka siku aliyokuja Mzee Chilumba.

Mzee huyo alikuwa jirani yetu, mkulima wa korosho, mtu wa maneno machache tangu ujana wake. Ukimsalimia shikamoo unaweza kutembea hatua tano kabla hujasikia marahaba yake. Mwanawe wa pekee, Bakari, aliwahi kuchoma majani shambani siku ya upepo, moto ukamshinda, ukala mikorosho ya baba yake upande mzima wa bondeni. Mzee alisimama mbele ya watu akamwambia, "Usinijie tena machoni." Bakari akaondoka na nguo alizovaa. Alifikia Dar, na miaka saba baadaye alikuwa anakaa nyumba moja na kaka yangu Hamisi. Tangu siku ile ya kumfukuza, mzee alikataa kuitwa Baba Bakari. Ukimwita hivyo, hageuki. Tukazoea kumwita kwa jina la ukoo. Mkewe yeye aliendelea kuwa Mama Bakari, wala hakuomba ruhusa ya mtu.

Mwaka ule mzee alikuwa anaumwa ngiri. Alipelekwa hospitali ya Ndanda, madaktari wakamwambia apasuliwe, asicheleweshe. Akarudi nyumbani kwa gari la mizigo, akasema hapandi kitanda cha kupasuliwa kabla hajamwona mwanawe. Maumivu yalimkunja siku nyingine mpaka akalala uani kama mtoto. Mkewe alibembeleza, shemeji zake walibembeleza. Akajibu, "Niacheni."

Basi alasiri moja akaja kwetu na kanzu iliyopigwa pasi, mkewe anamshika mkono. Akakaa kwenye kigoda. Akaitazama redio.

"Imeanza?"

"Imeanza, babu."

Akanyamaza. Nikasimamisha. Akasema, "Bakari." Nikaachia, ila jina lilikuwa limeshapita, nikamwomba alirudie. Akalirudia. Akanyamaza tena, anatazama vidole vyake. Nikasimamisha tena. Ilikuwa hivyo mpaka jua likahamia upande wa pili wa ua. Alipomaliza, kwenye kanda palikuwa na maneno haya: "Bakari. Hujambo. Mimi baba yako. Yale ya shamba yamekwisha. Sina neno na wewe. Njoo nyumbani." Safi kabisa, yamenyooka kama tangazo la habari. Mzee akaomba asikilize. Nikamwambia, "Babu, betri." Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Mimi nikajaza nyimbo sita.

Kanda ikapanda basi, ikapita Masasi, ikafika Dar. Tulingoja zaidi ya mwezi. Jibu lilipokuja, ua ulijaa. Mzee aliletwa, akakalishwa mbele. Nikabonyeza kwa madaha, nasubiri kusifiwa.

"Shikamoo, mama," ikasema sauti ya Bakari. Mama Bakari akaitikia huku analia. "Kanda nimeipata. Nimeisikiliza mara nyingi, mimi na Hamisi. Mama, sauti ile ni ya baba, lakini maneno siyo ya baba. Mimi namjua baba yangu. Baba hawezi kusema hujambo, na yamekwisha, na njoo nyumbani, kwa pumzi moja. Mtu huyu amesomeshwa. Mmemkalisha mkamwambia sema hiki, sema hiki, kwa sababu shamba halina mtu. Na mkamalizia na muziki! Mama, nisamehe, siji. Siku baba akitaka mwenyewe, nitajua."

Kanda ikaendelea kuzunguka bila kitu. Hakuna aliyepiga kigelegele. Nilitamani ardhi inimeze na redio yangu.

Mama Bakari akanigeukia. "Fatu, ulimfanya nini mume wangu humo ndani?"

Ningeweza kudanganya, mwanangu. Nani angejua? Mimi peke yangu ndiye niliyevijua vitufe. Lakini nilimtazama yule mzee, uso umekuwa mdogo kama wa mtoto aliyenyimwa, mdomo ukanifunguka wenyewe. Nikapiga magoti, nikaeleza yote. Kitufe, kukohoa, kunyamaza, nyimbo sita. Mama yangu mzazi alijishika kichwa. Mama Bakari alinisema maneno ambayo sitayarudia hapa, na nilistahili.

Mzee alikaa kimya mpaka mkewe akachoka. Kisha akaniuliza taratibu, "Nilipokuwa nanyamaza, binti, ulidhani nafanya nini?"

"Nilidhani umesahau, babu. Nilidhani unatafuta maneno."

"Sikusahau." Akapumua. Tukangoja. Siku hiyo nilijifunza kungoja. "Nilikuwa nazungumza naye. Wewe umechukua maganda ukampelekea, chakula umebaki nacho huku."

Akasimama kwa shida. Nikadhani ndiyo basi. Alipofika kwenye uzio akasema bila kugeuka, "Kesho asubuhi uje na hicho kimashine kwangu. Na mikono yako uiweke mapajani."

Nilifika asubuhi na mapema, betri nimezianika tangu jana, kanda mpya niliyokuwa nimeificha kwa ajili ya muziki nimeitoa. Nikaweka redio juu ya kinu kilichopinduliwa. Nikabonyeza kitufe chekundu, nikakaa chini, mikono mapajani kama nilivyoambiwa. Nyuma ya nyumba Mama Bakari alikuwa anatwanga mihogo mikavu kwenye kinu kingine. Mchi unasikika, du, du, du.

Mzee alitazama kanda inavyozunguka. Hakusema kitu. Jogoo akawika. Akatoa kikopo chake cha ugoro, akakigonga kwa kidole kama kawaida yake, hakunusa. Mchi unaendelea. Vidole vyangu vilikuwa vinawasha, nakuambia kweli, vilikuwa vinakitamani kile kitufe kama mtu anavyotamani maji. Kanda nzima itaisha! Betri zitaisha!

Ndipo akasema, "Bakari."

Akanyamaza tena, kirefu. Kisha: "Ni mimi. Baba Bakari."

Nyuma ya nyumba mchi ukasimama. Mwanangu, sijawahi kusikia kitu kikisimama namna ile. Miaka saba mama yule alikuwa hajasikia mumewe akijiita hivyo. Hatukumwona, lakini tulijua amesimama na mchi mkononi, anasikiliza. Ilichukua muda, halafu ukaanza tena, du, du, taratibu sana.

"Upande wa bondeni," mzee akasema, "mikorosho imechipua kwenye visiki." Akakohoa. Sikugusa kitu. "Mingine inazaa." Akajifuta uso kwa kiganja. Akakaa. Mimi nililia pale bila sauti, nikiogopa kuharibu kanda. Mwisho redio ikafanya kak! Upande wa kwanza umekwisha.

"Babu," nikasema, "imekwisha, na hujamwambia kwamba umemsamehe. Nigeuze upande wa pili?"

Akanitazama kwa mshangao. "Nimemaliza," akasema. "Mpelekee."

Upande wa pili niliuacha mtupu. Nilitembea mwenyewe mpaka Newala, nikamkabidhi dereva wa basi mkononi, nikamwapisha.

Siku ya kumi na moja nilikuwa natoka kisimani nikaona mtu anakuja na njia ya mchanga mwekundu, amevaa suruali ya mjini, viatu kavishika mkononi. Nilimjua kwa mabega, yalikuwa mabega ya baba yake. Nilitua ndoo pale pale. Badala ya kumsalimia nilikimbia mbele yake kijiji kizima napiga kelele, "Bakari huyo! Bakari huyo!" Watu walitoka na majembe, wengine na watoto migongoni. Tulimsindikiza kundi zima mpaka kwao, na tulipofika uzioni kila mtu akasimama, hakuna aliyepanga.

"Shikamoo, baba."

Mzee alikuwa kibarazani. Alimtazama. Hakuna aliyejikohoza. Bakari naye hakurudia salamu, alijua alivyo baba yake, alisimama akangoja.

"Marahaba," mzee akasema. Akasogea kidogo kwenye mkeka, akaacha nafasi ya mtu. "Umekula?"

Basi! Vigelegele vya siku ile sidhani kama Masasi hawakuvisikia. Kesho kutwa yake Bakari alimpeleka baba yake Ndanda, akapasuliwa, akapona. Aliishi miaka mingi baada ya hapo na aliniona nikiolewa, nikizaa. Bakari alirudi kwenye korosho na hakuondoka tena. Niliwahi kumwuliza ni neno gani lililomrudisha. Akasema, "Siyo neno. Nilisikia mama ameacha kutwanga. Nikajua baba amesema kweli, maana mama huwa haachi kutwanga kwa jambo dogo."

Sasa mwanangu, usidhani nimekueleza haya ili nikukataze vitu vyenu. Mimi? Mimi napenda simu kuliko wewe! Nimejifunza kuandika ujumbe nikiwa na mvi. Mjukuu wangu yuko Mkomaindo, kule Masasi, binti yangu yuko Mwanza, na jana tu nimeona kwenye simu jino la kwanza la kitukuu changu likiwa bado halijatoka vizuri. Majani ya mikorosho yakipata unga mweupe napiga picha, naiuliza simu, inanijibu kwa Kiswahili dawa gani na lini nipulizie. Lafudhi yangu ya Kimakonde ikiishinda, tunarudia mpaka tunaelewana. Nikiwaza mama yangu angeishi kuyaona haya, angeoga na kuvaa kanga mpya kila asubuhi.

Lakini mwaka huu, likizoni, nilimkuta mjukuu wangu anasikiliza sauti aliyotumiwa na shangazi yake. Sauti inakwenda mbio, shangazi analia kama kifaranga. Nikauliza, simu mbovu? Akacheka. "Hapana, bibi, nimeiongezea mwendo, shangazi anaongea polepole sana." Na akanionyesha mengine: simu inafupisha barua ndefu ikawa mistari miwili, inakutungia na jibu, wewe unabonyeza tu. Niliduwaa kwa furaha, halafu nikaanza kuogopa, kwa sababu vidole vyake nilivijua. Vilikuwa vyangu.

Kwa hiyo nasaha yangu kwako wewe unayeondoka ni hii, na ishike. Habari za bei ya mbolea zifupishe. Matangazo ya mkutano yaongezee mwendo. Kazi inayoumiza mgongo ipe mashine, nasi tuketi. Chukua kila kitu kizuri ambacho dunia imetengeneza, kijue, na ukishakijua mfundishe na mwenzako, usikigeuze kuwa kiti chako cha kifalme kama nilivyofanya mimi. Ila mtu anayekupenda akikutumia sauti yake, isikilize kwa mwendo wake. Kama huna muda sasa, iache, utaisikiliza jioni. Akigugumiza, mwache agugumize. Akinyamaza, nyamaza naye. Na wewe ukimjibu, mjibu kwa mdomo wako, hata kama maneno hayajanyooka. Mashine haitakuambia ni lipi lililokuwa na uzito kwake, maana hiyo haijawahi kukaa naye nyumba moja. Wewe umekaa naye.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akufikishe mbali kuliko sisi, akupe vitu ambavyo sisi hatukuviota hata usingizini. Akupe kazi ya kukuchangamsha na watu wa kukupigia simu bila sababu. Na popote utakapokuwa, wakikuita, wakukute. Amina.